Rangi Niliyoipaka Mwenyewe

Jumamosi, tarehe nane Novemba. Manyunyu tangu alfajiri, na baridi ya kuuma vidole.

Mjane wa rafiki yangu aliniita kwake Tottenham, hapa London, niithamini baiskeli ya marehemu, ile ya zamani ya safari ndefu. Mwaka jana maiti ilirudishwa Tanga, yeye akabaki kwa kukosa nauli. Sasa anataka kuiuza baiskeli akalione kaburi.

"Shemeji, wewe ulikuwa fundi baiskeli kwetu. Hutanidanganya."

Fremu imenyooka, rimu hazijapinda. Tatizo ni rangi, na rangi niliipaka mimi, kama zawadi: nyekundu ya kung'aa. Siti ya ngozi iliyochakaa niliitupa nikaweka ya sponji. Kwetu baiskeli iking'aa ndiyo inauzika. Hapa wanunuzi wanataka rangi ya kiwandani hata ikiwa imebabuka, na siti ya ngozi ndiyo wanayoiulizia kwanza. Nililijua hilo nimeshachelewa.

Ningeweza kusema soko ni baya. Nilifikiria kusema hivyo, sikatai.

"Ningeiacha ilivyokuwa, bei yake ingekupeleka Tanga na kukurudisha," nikamwambia. "Sasa haifikishi hata nauli ya kwenda. Mimi ndiye niliyeiharibu."

Akacheka kidogo. "Na alivyokuwa akiringa nayo! 'Shemeji yako kanirudishia ujana.'" Kisha akaongeza: "Lakini imeniuma, shemeji. Nisikufiche."

Mke wangu anasema nilitenda haki kumwambia. Labda. Haki hiyo haimfikishi Tanga.

Tumekula wali na maharage ya jana.