Masaa mbili ndani ya mayi juu ya mama mukwe

Leo nimekaa masaa mbili ndani ya ziwa, mayi paka mu shingo. Na sikuwa naoga.

Tulikuya hapa Kabuta kupumzika kwa bankambo ya batoto, bazazi ya muke wangu. Asubui naona pa ziwa hakuna mutu. Nikavua suruali, nikaingia na kaleso tu, nguo ya ndani.

Bon. Kugeuka hivi, mama mukwe amefika na beseni ya chisense, samaki kadogo ya kuanika. Anaitandika pa muchanga, anakaa, mugongo kwangu, fimbo ya kufukuza kuku mu mukono.

Suruali yangu iko pa miguu yake.

Mukwe apite mbele ya mama mukwe na kaleso? Afazali mamba.

Nikamufanyia muke wangu mukono alete kitenge. Yeye pale pa baraza, ananipiga video. Ni muke huyu, ao adui?

Vidole vikajikunja kama ya muzee.

Kiisha binti yangu akakuya mbio:

"Papa, nkambo anauliza utatoka saa ngapi. Suruali aliiona zamani, njo maana alikupa mugongo. Sasa shingo inamuuma, na samaki hawezi kuiacha."

Kumbe na yeye alikuwa mu kifungo!

Mama mukwe akajifunika kitenge kichwa yote. Nikatoka mbio.

Kuku nazo zikaona nafasi.

Bakwe wenzangu, mungefanya nini? Mangaribi hii tumekula bukari na sombe, majani ya mihogo tu, na hakuna mutu aliuliza samaki iko wapi.