Miguu ya Binti Mgomba

Mwezi uliopita, katikati ya mhadhara ambao mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nautoa, mtu wa safu ya nyuma alifungua mfuko wa kripsi. Aliufungua kwa adabu, kidogo kidogo, kama anayeamini kwamba kelele ikikatwa vipande haitasikika. Chwaa. Kimya. Chwaa-chwaa. Nikapoteza sentensi. Ukumbi ulidhani nimekasirika, na jirani yake akamkanyaga mguu. Sikuwa nimekasirika. Nilikuwa nimegeukia dirishani kumtafuta mwanamke ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Pale ukumbini nilisingizia kikohozi. Ninyi nawaambia ukweli.

Nililelewa na Bibi mzaa mama, katika kijiji kilicho nje kidogo ya Kibondo, miaka ile Kakonko ilipokuwa ndiyo kwanza imemegwa kwetu na kufanywa wilaya. Bibi alikuwa na macho yaliyoingia ukungu, na alikuwa na redio. Redio ilining'inia kwenye msumari wa nguzo ya baraza, maana ni hapo tu ilipokamata, na betri zake zilianikwa juani kwenye ungo mmoja na maharage. Ijumaa jioni hakuna aliyeruhusiwa kutwanga wala kukohoa, kwa sababu ya mchezo wa Binti Mgomba.

Binti Mgomba hakusema hata neno. Wengine wote walibwabwaja: mwenyekiti wa kijiji, mkewe, mwizi wa mbuzi. Yeye alitoka tu migombani kila mtu aliposema uongo, akapita, na tulichosikia ni miguu yake: chwaa... chwaa-chwaa. Mwongo akishikwa na kigugumizi, tunajua amefika. Alikuwa mrefu au mfupi? Bibi kizee au msichana? Ana uso? Shuleni tuligombania jambo hilo kuliko tulivyogombania mpira. Mimi nilikwenda kumuuliza Bibi, kwa kuwa niliamini kwamba asiyeona vizuri lazima anaona vitu vingine. Nilikuwa mtoto wa kuamini mambo ya namna hiyo, na chuo kikuu hakikunitibu kabisa.

"Sura yake siijui," alisema. "Ila hana viatu. Na mguu wa kushoto una kidonda cha zamani."

Ndipo redio ikatangaza. Mfanyabiashara mmoja wa Kasulu, ambaye kwao ni pwani, alikuwa amefungua uwanja wa bembea: bembea za minyororo, farasi wa mbao wa kuzunguka, mtelezo wa plastiki, na nyumba ya kuruka ya kujazwa upepo. Jumamosi moja ya kiangazi mashabiki wa mchezo waje pale wamevaa kama Binti Mgomba, kila mmoja kwa vazi alilojitengenezea. Atakayefanana naye zaidi atapewa kipaza sauti, ataje jina lake na kutuma salamu, moja kwa moja hewani.

Bibi aligeuza uso kuelekea nilipokaa.

"Bibi, utanisikia," nikasema.

Ahadi ikawa hiyo. Ningependa kuwaambia kwamba bembea hazikunipitia kichwani. Zilinipitia. Lakini kila nilipofumba macho nilimwona yeye chini ya ule msumari, ameinamisha sikio, akisubiri jina langu.

Wenzangu walianza na sura. Sisi tulianza na sauti, maana ndiyo pekee tuliyokuwa nayo. Bibi alikaa mkekani, mimi nikavaa na kukatiza uani. Nilijaribu maganda ya mahindi. "Huyo ni panya ndani ya gunia." Nikajaribu kipande cha shitingi, yale maturubai ya kambi za wakimbizi yaliyokuwa yameezeka nusu ya mabanda ya kuku ya wilaya yetu. "Hiyo ni mvua." Nikajaribu majani mabichi ya mgomba. "Huyo bado hajazaliwa." Mwishowe tukachukua majani yaliyokauka yakiwa yananing'inia kwenye mgomba wenyewe, tukayafunga kwenye kamba kutoka kiunoni hadi kwenye vifundo vya miguu, na upande wa kushoto tukayazidisha.

"Unakwenda wapi?" akauliza nilipopita.

"Hapa hapa tu, Bibi."

"Mbona kama unawahi kisima? Binti Mgomba hana haraka, mwana wanje. Mwenye haraka ni mwongo." Mwana wanje, kwa Kiha chetu, ni mwanangu.

Jumamosi ilipofika, Mjomba Elia alikuwa anapeleka maharage Kasulu. Nikapandishwa juu ya magunia, na vazi langu likiwa ndani ya gunia lake lenyewe ili lisipate umande. Kizuizini askari akalifungua.

"Humu mna nini?"

"Majani ya migomba, afande," akasema Mjomba. "Makavu."

"Unatoa majani makavu ya migomba Kibondo, unayapeleka Kasulu."

"Ndiyo, afande."

"Kasulu yamewaishia?"

"Ni ya mtoto. Ni nguo."

Askari akanitazama kwa muda, akalifunga gunia taratibu kama anayemfunika mgonjwa, kisha akamwambia Mjomba, "Pole sana."

Uwanja ulijaa. Sijawahi tena kuona mtu mmoja mwenye sura nyingi namna ile. Kulikuwa na Binti Mgomba wa boksi la sabuni, wa wigi la mama yake, wa unga mweupe mwili mzima, na wa kitenge cha kijani mwenye taji la karatasi za kung'aa. Nilizunguka nikiwakodolea macho, kila mmoja nikimuuliza moyoni: ni wewe? Jua la Kasulu siku ile halikuwa na huruma. Unga uligeuka uji, boksi likalegea, wigi likavuliwa na kutumiwa kujipepea. Mimi niliungua kama wao, lakini majani yangu yalizidi kukauka, na kadiri yalivyokauka ndivyo yalivyozidi kulia vizuri. Nilitamani Bibi angekuwepo.

"We dada," msichana wa taji akaniuliza, "umetoroka kwenye paa la nani?"

Wakacheka. Sikujali. Nilijua nilichobeba.

Tukapangwa mstari mbele ya mtangazaji, mama ambaye sauti yake niliizoea kuliko ya shangazi zangu. Matangazo yalikuwa yameshaanza. Zamu yangu ikafika, nikapita: chwaa... chwaa-chwaa. Kijana wa mitambo, aliyevaa hedifoni, akageuka haraka kutazama nyuma yake. Na mtangazaji, kipaza sauti kikiwa mdomoni, akasema kwa sauti ile ile tamu:

"Jamani, huyo mtoto wa majani asogezwe kule. Anatuharibia sauti."

Mtu mmoja akanishika bega, akanionyesha nyuma ya bembea. Nikaondoka. Ushindi ukaenda kwa taji, na taji likataja jina lake na kuwasalimu watu wengi mno.

Tulifika nyumbani kesho yake. Bibi alikuwa barazani. Mjomba akaingia na gunia langu begani, akaanza kuniokoa kabla sijafungua kinywa.

"Mama, huyu alibaki kidogo tu ashinde. Amekuwa wa pili."

Gunia likalia mgongoni mwake: chwaa.

Mjomba akalitua haraka. Bibi alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kanga.

"Nilimsikia," akasema. "Uliingia kwa haraka kidogo, mwana wanje. Ulivyoondoka ndipo ulipotembea. Na huyo aliyeshinda, alikuwaje?"

"Alikuwa na taji."

"Linalia?"

"Halilii."

"Basi."

Tangu siku hiyo kila mgeni aliyeketi mkekani kwake alielezwa kwamba mjukuu wake alitembea redioni. Mimi nilifurahi, na nikashukuru kimya kimya kwamba yale maneno ya mtangazaji hayakumfikia. Nilidhani betri zilizimia kidogo, au upepo uliyachukua. Mtoto aliyeaibika huwa na elimu yake ya redio.

Miaka ilipita. Nilikuwa tayari chuoni, nasikiliza taarifa ya habari huku napiga pasi, jambo hilo liliponijia lenyewe, nikaunguza shati. Kuondoka kwangu kulikuja baada ya maneno yale. Kipaza sauti kilikuwa kimoja. Asingeweza kusikia nilivyoondoka bila kwanza kusikia nilivyofukuzwa.

Na kama alisikia hivyo, alisikia pia kwa nini nilitembea polepole namna ile. Nilikuwa nazuia machozi, maana Bibi alishanifundisha kwamba majani yakilowa hayalii. Alivisikia vyote hivyo, akiwa peke yake chini ya msumari. Wageni aliwasimulia miguu tu.