Tone la esanse kwenye kadi ya arusi

Leo baba amemwagia esanse, yaani petroli, kadi ya arusi ya binamu yangu. Kwa makusudi.

Tulikuwa tunaondoka Likasi kwenda arusini Zambia. Kituoni kulikuwa na foleni, basi nikajaza tangi esanse ya bidoni, ile ya madumu inayouzwa kando ya barabara.

Baba, dereva wa lori wa zamani, akanusa.

"Leta karatasi nyeupe."

Nilikuwa na ile kadi tu. Akadondosha tone moja, tukangoja. Esanse safi hukauka bila alama. Hii ikaacha doa la mafuta.

"Banachanganya na mafuta ya taa. Motokari itakufa mbele ya mupaka."

Nikamuuliza nani alimfundisha.

"Hakuna muntu. Wakati ya Sécession, Katanga ilipojitenga, minye mwenyewe njo nilikuwa nachanganya."

Akaifuta kadi kwa shati lake.

"Familia moja ilikuwa nakimbilia Rhodesia, hii Zambia ya leo. Nikabauzishia bidoni mbili."

"Walifika?"

"Sijui mupaka leo."

Nyinyi mngemjibu nini?

Tangu utotoni mwangu, kila tukipita Kapolowe, kwenye barabara hii ya kwenda mpakani, baba hutazama sana kando ya barabara. Miaka yote nilidhani anatafuta wauza samaki.