Pasipoti Iliyopigwa Cherehani

Mdogo wangu alishika cherehani akiwa na miaka kumi na minne, na leo ana sitini na sita hajaiachia. Nusu ya watoto wa mtaa huu wamesoma wakiwa ndani ya sare zake. Watu wanamwita Mama Mkasi, na si kwa sababu ya kazi tu. Ulimi wake nao unakata.

Alipokuwa darasa la sita, mimi la saba, mwalimu wao wa jiografia alisema theluji huanguka bila sauti. Mdogo wangu akasimama. "Mwalimu, kitu gani kitatoka juu kote huko kianguke kisipige kelele?" Alitolewa nje mpaka kengele. Nilimwona kupitia dirisha la darasa letu, amekunja mikono, hajakubali. Na hajakubali hadi leo. Basi chama chetu cha akina mama kilipopanga safari ya kwenda kutalii nchi yenye theluji, yeye alijiandikisha wa kwanza. Alikuwa hajawahi kupumzika wiki nzima tangu azaliwe.

Kiongozi wa msafara, mwalimu mstaafu, alitusomea masharti ya viza: pasipoti yenye uhai wa miezi sita kutoka siku ya kurudi, kurasa mbili tupu, picha mbili, tiketi ya kwenda na kurudi, hoteli iliyothibitishwa, taarifa ya benki, bima ya safari, cheti cha chanjo.

"Hee!" akasema Mama Mkasi. "Mimi nimeolewa kwa maswali machache kuliko hayo."

Tukacheka. Lakini karatasi zote alizipata, moja moja, akazipanga kwenye bahasha. Pasipoti alikuwa nayo. Aliichukua miaka minne nyuma bila safari yoyote, ili siku ikija isimkute mikono mitupu. Ilikaa kabatini chini ya bati linalovuja, gundi ikaachia, kurasa zikaanza kuchomoka. Usiku wa kuamkia ubalozini hakuniambia kitu.

Tulifika saa mbili asubuhi, siku ishirini na tatu kabla ya kuondoka. Mimi nilimaliza dirisha la kwanza bila taabu. Yeye yuko dirisha la pili, namsikia vizuri. Afisa, mtu wa makamo mwenye miwani, aliifungua pasipoti, akaigeuza, akaivuta kidogo.

"Bibi, nani ameishona hii?"

Mdogo wangu akajinyoosha. "Mimi mwenyewe, mwanangu. Sindano ya kushonea mabegi, uzi wa nailoni. Ivute utakavyo, haitoki."

"Umeipiga cherehani?"

"Mishono midogo midogo. Angalia ilivyonyooka."

Afisa hakucheka. "Hii imeharibika. Sindano imepita kila ukurasa."

"Mmesema kurasa mbili tupu. Humo ziko ishirini!"

"Zina matundu, bibi. Siwezi kubandika viza kwenye pasipoti iliyochezewa. Nenda uhamiaji uombe mpya, kisha urudi."

Tulitoka. Nilimpa maneno yake barabarani, siwafichi. "Wewe ukiona kitu kimeachia lazima ushone? Na mimi nikivunjika mguu utanipiga cherehani?"

"Dada, ningeipeleka imechakaa, wangesema sisi watu wa hovyo!"

Hapo nilimwelewa. Maisha yake yote hajamkabidhi mtu kitu chenye uzi unaoning'inia.

Uhamiaji walisema pasipoti mpya siku kumi, viza siku saba za kazi. Nilihesabu kwa vidole, nikarudia. Inatosha, lakini isiteleze hata siku moja. Karani akampa fomu ya kueleza jinsi ile ya zamani ilivyoharibika. Mdogo wangu akaandika kwa mkono wake mzuri wa shule: "Ilikuwa inaachia gundi. Nimeishona mwenyewe. Sikukusudia ubaya. Mshono ni imara."

"Bibi, futa hiyo sentensi ya mwisho," karani akasema.

"Kwani ni uongo?"

"Si uongo, lakini haihitajiki."

"Umeniambia nieleze ukweli wote, nami nimesaini chini yake."

Nilimfinya pajani. Hakutikisika. Karani akamwita mkubwa wake, mkubwa akaichukua ile pasipoti, akaivuta kwa mikono miwili, akavuta tena. "Iache kama ilivyo," akasema, akagonga muhuri.

Siku ya kumi tukawa mlangoni kabla hawajafungua. Pasipoti mpya ikatoka, inanukia. Alinikabidhi mimi niibebe. Tulipofika ubalozini yule afisa mwenye miwani akamtazama juu ya miwani yake.

"Hii hujaishona?"

"Sijaigusa hata kwa kidole. Mwulize dada."

Viza ilitoka siku moja kabla ya ndege, saa tisa alasiri, dirisha likiwa linafungwa. Mdogo wangu aliruka, mtu wa miaka sitini na sita, mlinzi akadhani ameumwa na nyuki.

Lakini kuwa na viza si kuingia. Kwenye kiwanja cha ndege cha kule kuna mstari wa njano sakafuni, na afisa nyuma ya kioo. Kiongozi wetu akasimama kando kututafsiria. Mama Mkasi akatangulia, ameibana bahasha kifuani kama mtoto mchanga.

"Umekuja kufanya nini?"

"Kutalii."

"Siku ngapi?"

"Tisa. Ya kumi narudi, sare za shule zinanisubiri."

"Utalala wapi?"

Akatoa karatasi ya hoteli. Tiketi ya kurudi. Bima. Cheti cha chanjo. Afisa hajamaliza kuuliza hii, ile iko mezani. Akafungua ukurasa safi, akagonga muhuri, pu!

Mdogo wangu akavuka. Ikawa zamu yangu. Nikaweka pasipoti, nikaweka tiketi, nikaingiza mkono kwenye mkoba kutafuta bima. Haipo. Nikamwaga mkoba wote mezani: kitana, miwani, dawa za presha. Foleni nyuma yangu ikaanza kuguna.

"Dada!" Mama Mkasi anapiga kelele kutoka upande wa pili, watu wote wanageuka. "Mfuko wa ndani wa koti! Fanya haraka, unawachelewesha wageni wenzako!"