Kisu cha Kushoto Kilichotuponyoka Osaka

Aibu hii naisimulia mwenyewe kabla wifi yangu Mwanaidi hajaifikisha harusini Louisville, maana nawajua wanawake wa Louisville, habari ikilala kwao siku mbili huwa imeshaongezewa helikopta na mbwa wa polisi. Mbwa hakuwepo. Nilitazama mara mbili.

Mwaka 2015 kampuni ya mume wangu ilimpeleka Osaka kwa mafunzo ya wiki mbili, nami nikasema sibaki huku Marekani, Columbus, kutazama theluji ya Morse Road wakati mwenzangu yuko Ujapani, na Mwanaidi, dada yake, anayekaa Kenmore karibu na Buffalo na kupikia watu wa sherehe, akasema naye yumo. Alitaka kitu kimoja tu. Mwanaidi anatumia mkono wa kushoto, na utoto wake wote Tanga alichapwa kwa ajili ya mkono huo ("wa chooni huo!" bibi yake alikuwa akimwambia), na visu vizuri vya Kijapani vingi hunolewa upande mmoja, yaani upande wetu sisi wa kulia. Ila wapo mafundi wanaotengeneza vichache vya kushoto. Hicho ndicho alichokivukia bahari.

Basi Jumamosi tukaenda Dotonbori, mtaa ambao sijui niuelezeje, mfereji katikati, taa za matangazo huku na huku hata mchana, kaa wa plastiki mkubwa kama gari anachezesha miguu juu ya mlango wa mgahawa (miguu minane na magando mawili, nilihesabu kwenda na kurudi), na watu wamepanga foleni kungoja vitumbua. Vitumbua kabisa, chuma kile kile cha mashimo, ila ndani wametia pweza. Cha kwanza kiliniunguza ulimi, nikala vingine vitano kuhakikisha kama vyote vina tabia hiyo.

Nyuma ya mtaa kuna uchochoro wa vyombo vya jikoni, na humo tukakikuta. Kimoja tu. Fundi, mzee mwenye aproni, alikitoa kabatini kwa mikono miwili, Mwanaidi akakishika kwa kushoto, macho yakaanza kulowa.

Nikamkanyaga mguu.

"Usionyeshe sura ya kupenda!" nikamnong'oneza. "Utatuharibia bei."

"Wifi, bei imeandikwa."

"Hata Kariakoo siku hizi wanaandika."

Nikachukua kikokotoo cha mzee, nikabonyeza nusu ya bei. Akatazama, akadhani nimekosea hesabu, akafuta na kuniandikia ile ile kwa namba taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto. Nikapandisha kidogo. Akanisahihisha tena, akatabasamu.

Hapo ndipo nilipotoa silaha yangu kubwa.

"Twende zetu," nikamwambia Mwanaidi.

"Twende wapi? Hela ninayo!"

"Twende. Hatujafika mlangoni atatuita."

Jamani, mzee hakutuita. Alitusindikiza. Alitufungulia mlango, akainama, nasi tukainama, na mimi nikainama chini zaidi ili aelewe kwamba kweli tunaondoka. Akaelewa.

Tukajibanza duka la pili, nyuma ya rafu ya bakuli za tambi za plastiki zile za maonyesho, mimi nachungulia. "Anajikaza tu," nikasema. "Mpe dakika kumi." Mwanaidi akasema yeye anarudi kulipa, nikamshika mkoba, nikamwambia akirudi sasa ametudhalilisha. Dakika ya tisa akatoka dukani kwa mzee bwana mmoja wa makamo, amevaa kofia, ameshika kiboksi chembamba kilichofungwa vizuri. Nikatazama kabatini kupitia kioo cha mlango. Pale mahali palikuwa patupu.

Nilikimbia. Nilikuwa na miaka arobaini na moja, na vitumbua sita vya pweza tumboni, na nilikimbia, Mwanaidi nyuma yangu akipiga kelele "Wifi, acha! Wifi!", hadi kwenye daraja lile ambalo watu hupigia picha wakiiga tangazo la mkimbiaji aliyeinua mikono. Na mimi, kwa kutaka mtu yeyote anisaidie kumsimamisha, nikapaza sauti kwa Kiingereza: "Yule mtu ana kisu! Mkamateni, ana kisu!"

Daraja lilifunguka kama zipu. Wenye mikono juu kwa ajili ya picha wakaiacha huko huko juu.

Polisi walifika kwa baiskeli, na baada ya muda tulikuwa wanne kwenye kibanda chao: mimi, Mwanaidi, yule bwana jasho likimtiririka na kofia mapajani, na kiboksi mezani. Wakampigia mkalimani, mwanamke mwenye sauti ya upole kwenye spika ya simu.

"Bwana huyu alikutishia?"

"Hapana."

"Alikuibia?"

"Hapana."

"Kisu ni chako?"

"Nilikuwa karibu kukinunua."

"Kwa nini hukununua?"

"Nilikuwa naondoka ili niitwe."

Aliniomba nirudie. Nikarudia. Kisha akawatafsiria kwa muda mrefu sana, na polisi akaandika yote, mstari baada ya mstari.

Yule bwana akaeleza kwamba binti yake anaanza kazi ya upishi Jumatatu, naye ni wa kushoto, na yeye baba amekwenda dukani mara nne kuulizia. Nikamgeukia Mwanaidi: "Tumwongezee kidogo atuachie?"

"Nyamaza, wifi."

Akamwomba radhi yule baba kwa niaba yangu, kisha akauliza kama anaweza kukishika mara moja tu. Polisi walitazamana. Baba akafungua kiboksi mwenyewe. Mwanaidi akakishika kwa kushoto, akakipitisha hewani polepole kama anayekata kitunguu, akakirudisha kwa mikono miwili.

"Miaka yote nadhani kasoro ni mkono wangu," akasema. Halafu akanitazama. "Kumbe ni mdomo wako."

Hatukupata kingine, tuliulizia maduka yote saba ya uchochoro ule. Tangu siku ile nikiona bei imeandikwa nalipa, na kama sitaki kulipa natoka nikiwa nimetoka kweli.