Pango la Kwenye Shuka

Jamani, tangu gari la sinema lilipotutembelea hapa Isongole, mimi napita njia za nyuma.

Picha ilikuwa ya watu waliopotea pangoni. Nami, niliyewadanganya wakwe zangu kwamba nilichimba shaba chini ya ardhi, kumbe kule mgodini nilikuwa naosha sufuria jikoni, nikatangaza kwa sauti: "Msiogope! Mapango nayajua."

Mara mwamba ukaporomoka, shuka la sinema likawa giza tupu. Watu wakasukumana. Nikapiga yowe, nikamkumbatia aliyekuwa karibu.

Picha ilipotoka pangoni, uwanja wote ukajaa mwanga. Nilikuwa nimemng'ang'ania mama mkwe, ambaye kwa mila yetu hata kumtazama siruhusiwi, wala hakuwa amewahi kunisemesha tangu nioe.

Siku hiyo alinisemesha.

"Mkwe, kule chini ya ardhi ulikuwa unamkumbatia nani?"