Mwenye Kugawa Huonja Kwanza

Hyacinthe ni mtoto wa mgema. Baba yake alipanda michikichi ya Uvira maisha yake yote akigema tembo, na mwanawe alipofika Scarborough, Kanada, na kuingia kiwanda cha kukata kuku, alidhani ufundi ule umezikwa huko huko. Kiwandani mashine hunguruma, kila mtu kaziba masikio, na mpenda soga kama Hyacinthe aweza kumaliza zamu nzima hajasema zaidi ya salamu. Kwake hiyo ilikuwa jela.

Ndiyo maana Machi hii, alipopata kazi ya wikendi katika shamba moja la miti ya mepo kaskazini ya Markham, alifurahi kupita kiasi. Msimu huo usiku maji huganda na mchana jua huwaka, na miti ya mepo hutoa utomvu. Watu huja kutazama unavyokingwa kwa ndoo na unavyochemshwa karaini hadi uwe shira nzito, kisha hukaa kula chapati za maji zilizolowa shira hiyo. Hyacinthe alipewa kuwaongoza wageni kwa majaribio. Akifaulu, angeajiriwa mwaka mzima na kuwaaga kuku.

Alipouonja utomvu mara ya kwanza alicheka. "Wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji," alimwambia Minaz, msimamizi wa ziara. "Huu mti haujasifiwa, na tayari ni maji matupu!" Minaz, mama wa Kiismailia aliyezaliwa Mwanza, alicheka mpaka akafuta machozi. Kiswahili alikuwa nacho tangu utotoni.

Balaa likaja Jumamosi ya kwanza. Hyacinthe alijaza vikombe vya kuonjea, na kabla ya kumpa kila mgeni chake, akapiga funda dogo yeye mwenyewe. Maskini, hakuwaza baya. Kwao anayekupa kinywaji huonja kwanza. Kama kuna sumu, na ianze naye. Mama mmoja akakitazama kikombe kama kilichotemewa mate. Mwingine akamwaga chake kwenye theluji, tena bila kujificha. Malalamiko yakafika ofisini ziara haijaisha.

"Kaka Hyacinthe," Minaz alimwambia, na ilionekana inamuuma, "najua nia yako ni njema. Lakini huku wanaona ni uchafu. Kesho upasue kuni."

Akapasua kuni, na kila gogo alilipiga kwa hasira. Kurudi kwa kuku kulimkera, lakini kilichomchoma hasa ni kwamba heshima aliyofunzwa na baba yake ndiyo iliyogeuzwa uchafu. Na kana kwamba hiyo haitoshi, alasiri ile likaingia basi la kanisa lake, Wakongo na Warundi waliotoka ibadani. Aliwaalika mwenyewe wiki iliyopita, kifua mbele. Sasa akajibanza nyuma ya rundo la kuni.

Mwongozaji mwingine akawagawia vikombe. Hakuna aliyekunywa. Akatabasamu, akawahimiza kwa Kiingereza. Wakabaki wameshika vikombe, wanatazamana. Mwishowe Mama Spéciose, mzee wao wa kanisa, akauliza kwa sauti, "Nani alionja mbele, kabla yetu?"

Mwongozaji akageuka kumtazama Minaz. Minaz aliyaelewa maneno, halafu akalielewa na jambo lenyewe. Akaenda mwenyewe hadi kwenye kuni.

"Njoo, kaka. Wanakungoja wewe."

Hyacinthe akaja na vumbi la mbao kofiani. Akakipokea kikombe cha Mama Spéciose kwa mikono miwili, akapiga funda, akameza huku mama anamtazama, akamrudishia. Mama akanywa. Kanisa zima likanywa, na ndimi zikafunguka. Shemasi mmoja, eti shemasi, akauliza kama utomvu ukilazwa siku mbili unalewesha!

"Baba angejua," Hyacinthe akasema. "Alikuwa mgema." Hakuwa amewahi kulitamka hilo mbele ya kanisa. Akaanza kuwasimulia miti ya huku na miti ya kule, na hakuna aliyetaka kurudi kwenye basi.

Walipoondoka, Minaz alikuwa amesimama kando ya ndoo.

"Wikendi ijayo utaongoza wewe," alisema. "Ila uwe na kikombe chako. Wageni wakuone unaonja hicho, kisha uwagawie."

"Sawa, Madame. Asante."

Minaz akachota utomvu, lakini hakunywa. Akamnyooshea kikombe.

"Changu mimi, onja hiki hiki."